Rangi Haichezi

3 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu yako ukiipokea unasema "niko kazini" halafu unakata, na jambo hili haliishi kwa "niko kazini". Mimi mzima. Kazi ya kubandika maboksi nimeizoea, ila gundi yao inanuka kuliko yako ya viatu. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe msafi, kwa hiyo silalamiki. Mama akikuambia nimekonda, usimsikilize.

Jambo lenyewe ni hili. Kiwanda kina timu ya mpira wa meza. Sisi vibarua tulioingia Novemba, mkataba wetu unaisha Aprili. Anayeingia kwenye timu anapewa ajira ya kudumu, asiyeingia anarudisha ovaroli. Majaribio ni tarehe 22 Aprili, na Msimamizi wa timu ana sheria moja tu: humshindi Mama Stoo, huendi popote.

Mama Stoo ni mtunza ghala. Ana miaka hamsini na kitu, goti moja bovu, na anacheza amevaa kandambili. Wenzangu wote wanamfunga huku wanapiga soga. Mimi nawafunga hao wenzangu wote, kisha Mama Stoo ananifunga mimi seti tatu bila. Mara saba sasa. Mjomba, naona aibu mpaka chakula cha mchana nakula peke yangu.

Nimetafuta kosa na nimelipata. Ni raketi. Wenzangu wameikagua wakaniambia ulinibandikia raba nyeusi upande wa kiganja na nyekundu upande wa mgongo wa mkono. Hapa kila mtu anajua nyeusi inanata na nyekundu ina kasi, na mchezo wangu mimi ni kasi. Naomba ubadilishe, nyekundu ije kiganjani. Raketi nimeituma na mzigo wa basi, imo ndani ya boksi nililolibandika mwenyewe.

Najua utasema nini. Usiseme, badilisha tu.

Mpwa wako


11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Rangi haichezi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu umenikataza kulisema.

Raba zako mbili ni za kiwanda kimoja, aina moja, sponji ya unene mmoja. Nilizipima kabla ya kuzibandika. Zilipishana gramu moja, na gramu moja ni jasho la kiganja chako. Kilichobaki ni dawa ya rangi. Wapo wanaosema nyeusi hutiwa masizi na kwa hiyo hunata zaidi. Inawezekana. Mimi nimebandika raba miaka thelathini pembeni ya kushona viatu, na kidole gumba changu hakijawahi kuniambia hii nyekundu, hii nyeusi. Ndiyo maana klabuni kwetu sheria ni ile uliyoikuta: kila mtu raba ya aina moja pande zote mbili, ili akifungwa ajue amefungwa na mtu, si na kifaa.

Hata hivyo nimebadilisha ulivyoomba. Nimebandua, nimesafisha, nimebandika. Nyekundu iko kiganjani.

Mkaza mjomba wako hayupo. Amekwenda kwa binti yetu, aliyejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Duka ninafungua na kufunga peke yangu, na chai ninajipikia, nayo haisifiki.

Nijibu maswali mawili. Mama Stoo ana raba aina moja pande zote, au mbili tofauti? Na mipira unayokosa inakwenda wapi, wavuni au nje ya meza? Andika unachokiona, usiandike unavyojisikia.

Mjomba wako, fundi viatu


2 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu. Raketi imefika. Mjomba, kesi umeshindwa. Siku ya kwanza tu nilipoishika niliona tofauti, mpira unaondoka kiganjani kama una ahadi mahali. Nimemfunga Msimamizi mwenyewe, ambaye hajawahi kufungwa na kibarua. Nyekundu ina kasi, na habari za gramu sitaki kuzisikia tena.

Mama Stoo bado. Tatu bila, mara mbili. Majibu yako ni haya: raba zake ni mbili tofauti. Upande mmoja laini kama zetu, upande wa pili una vipele virefu kama brashi ya kufulia na hauna sponji. Raketi anaigeuzageuza kwa vidole chini ya meza, hujui atakupiga na upi. Mipira yangu mara inaishia wavuni, mara inaruka nje, haina mpango.

Wenzangu wananiambia, "Tazama rangi, vipele ni vyekundu." Natazama mpaka macho yanatoa machozi. Naona raketi inazunguka, na ni giza pande zote. Nimewaambia taa za ukumbi wa kufungashia ni mbovu. Wanacheka, wanasema mwenye macho haambiwi tazama.

Kuna kitu kidogo kimeniudhi. Kabla ya mchezo Mama Stoo aliishika raketi yangu kuikagua, kama sheria inavyoruhusu, akasema, "Mbona nyeusi bado iko mbele? Si ulisema umebadilishiwa?" Nikajua ananichokoza ili nipoteze utulivu. Nikamjibu kwamba mjomba wangu ni fundi wa miaka thelathini na hakosei hata tundu la kamba.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilifunga duka saa sita mchana ili niisome, na hilo si kawaida yangu.

Usiitazame raketi ya Mama Stoo. Isikilize. Raba ya vipele isiyo na sponji inalia "ko", kama mtu anabisha hodi. Raba laini yenye sponji inalia "pu", kama unakung'uta godoro. Ukisikia ko, mzunguko uliompelekea unakurudia umegeuzwa, kwa hiyo usiukandamize mpira, unyanyue. Ukisikia pu, cheza kama ulivyozoea. Mwombe mtu akupigie huku umefumba macho, utaje sauti. Mara hamsini, kisha mia.

Kuhusu taa za ukumbi sina la kusema. Kuhusu raketi yako pia, kwa leo, sina la kusema.

Ulipokuwa mdogo, mama yako aliwahi kukutuma dukani ukaleta kitu cha rangi nyingine? Jibu ndiyo au hapana.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Nimeanza bila shikamoo. Nitaitoa mwishoni, hasira zikipungua.

Nimewauliza watu watano, akiwemo mpishi wa kantini ambaye hajui hata mpira wa meza unahesabiwaje. Wote watano wamesema upande wa kiganja ni mweusi. Kumbe Mama Stoo alisema kweli nami nikamjibu ovyo, na imenibidi nimwombe radhi mbele ya rafu zake za kamba na gundi.

Sasa nimeelewa. Hukubadilisha. Uliirudisha kama ilivyokuja ili nijisifu kwamba nyekundu ina kasi, halafu uniambie, unaona sasa, rangi haichezi. Nami nikaingia mzima mzima, nikakuandikia ukurasa wa majigambo. Ubishi umeshinda, mjomba. Lakini mimi nimebakiwa na mwezi mmoja wa kujua kama nina kazi au sina, na wewe umenifanya panya wa majaribio. Kikulacho ki nguoni mwako, nilidhani wanaambiwa watu wengine.

Utauliza kwa nini sikuona mwenyewe. Nimekwambia, taa mbovu. Na chumbani kwangu dirisha linatazama ukuta.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Nilitumwa uzi mwekundu nikaleta mweusi. Nilikuwa na miaka minane na nilichapwa. Sijui inakuhusu nini.

Habari za kusikiliza nimejaribu. Nyuma ya meza kuna mashine ya kukata maboksi inayonguruma tangu asubuhi. Hakuna ko wala pu.

Usiniandikie mpaka majaribio yapite. Shikamoo.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Umesema nisiandike. Barua hii nimeianza mara nne, na hii ya nne nitaituma.

Sikukufanyia jaribio. Nilikosea. Nilibandua raba zote mbili, nikazipaka gundi, nikazilaza mezani zikauke. Akaingia mteja na kisigino kilichong'oka. Nilipomaliza kisigino na kurudi, raba mbili zimelala na sikujua ipi ni ipi. Nikazigeuza. Nikazipeleka mlangoni kwenye mwanga. Sikujua. Mimi nyekundu siioni, mpwa wangu. Nyekundu na nyeusi kwangu ni giza moja, labda moja lina vumbi kidogo. Siku zote mkaza mjomba wako hupita karibu na meza akasema "hii", basi, nami nikaendelea na kazi. Siku ile hakuwepo. Nikachagua kwa kubahatisha, kisha nikakuandikia "nyekundu iko kiganjani" kama mtu aliyeona.

Ukija dukani utakuta kopo la polishi nyeusi lina alama moja ya kisu, na la damu ya mzee lina alama mbili. Nilizichonga baada ya bwana harusi mmoja kuondoka kwangu na kiatu kimoja cheusi na kimoja cha damu ya mzee. Aligundua akiwa tayari amesimama mbele ya watu. Nilisema nilikuwa na haraka. Mtaa mzima ukanicheka kwa haraka yangu, na kicheko hicho kikanifaa, kwa sababu hakuna aliyeuliza zaidi.

Sasa mkono. Familia nzima inajua kwamba niliteguka kifundo cha mkono ndiyo nikakosa timu ya mkoa. Sikuteguka. Sheria ya rangi mbili ilikuwa mpya. Nilikutanishwa na mtu wa vipele, anaigeuza raketi kama Mama Stoo wenu, na ukumbi mzima unaona isipokuwa mimi. Seti ya pili nilishika kifundo nikasema kimeteguka. Nilifungwa bendeji, nikaivaa wiki sita juu ya mkono mzima kabisa, na mama yako ndiye aliyekuwa ananifungia vifungo vya shati. Kusikiliza nilijifunza baadaye, kwenye meza ya nyuma ya duka, wakati hakuna tena mtu wa kucheza naye.

Ndiyo sababu ya ile sheria ya klabu yetu. Nimeiita haki miaka yote, na ilikuwa maficho. Na kwa kujificha kwangu nimekufundisha mchezo ambao huko nje haupo. Bendeji sijutii sana. Hili najuta.

Daktari wa macho aliniambia jambo hili hupita kwa akina mama bila wenyewe kuugua. Bibi yako alinipa mimi, akampa mama yako abebe, na mama yako akakupa wewe. Uzi ule mweusi umenijibu. Hukustahili kuchapwa. Taa zenu ni nzima.

Mashine ina swichi, na chenye swichi huzimwa. Lakini ataulizwa sababu yule anayeomba izimwe, na sababu itabidi aitoe mbele ya watu. Mimi nilishindwa. Mficha uchi hazai, na mimi katika mchezo ule sikuzaa kitu. Sikulazimishi.

Mjomba wako, fundi viatu

Nyongeza: Mimi mkaza mjomba wako, nimerudi jana. Nimeisoma barua hii kabla haijafungwa kwa sababu ameniomba mwenyewe niisome. Ndoa ina miaka ishirini na nane na sijawahi kuruhusiwa kumwambia mtu. Soksi zake nazo huwa nampangia mimi. Mtoto mzuri, ana nywele nyingi. Kula vizuri, mama yako anasema umekonda.


23 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Ile ya mwezi uliopita usiihesabu, niliitoa huku nimenuna.

Barua yako nimekaa nayo kwenye mfuko wa ovaroli wiki mbili. Kwanza nilikasirika zaidi. Kisha nikachukua gundi za karatasi tunazozibia maboksi, mviringo mmoja mwekundu na mmoja mweusi, nikaziweka kitandani, nikatoka nje, nikarudi, sikujua upi ni upi. Nilirudia mara kumi. Sikukasirika tena baada ya hapo, niliogopa.

Majaribio yalikuwa jana saa nne asubuhi, mashine ikinguruma kama kawaida. Seti ya kwanza nimefungwa kumi na moja kwa tatu, ya pili kumi na moja kwa nne. Tulipobadilishana pande nilijikuta nimeshika kifundo cha mkono. Mjomba, sikuutuma, mkono ulikwenda wenyewe. Nikaikumbuka bendeji yako, nikaachia.

Nikamwambia Msimamizi naomba mashine izimwe. Akauliza kwa nini. Nikasema, mimi nyekundu siioni, raketi ya Mama Stoo nataka niisikie. Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu ya mashine yenyewe, ndiyo maana walisikia wote. Mmoja alicheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Msimamizi akatoa mfukoni kikaratasi cha sheria za mchezo, akakisoma mbele na nyuma, hakukuta mahali panaposema mashine lazima iwake. Akampungia fundi mitambo. Ukumbi ulinyamaza nikasikia mpaka kandambili za Mama Stoo.

Ko, pu, ko, ko, pu. Ipo, mjomba, ni kweli ipo. Ya tatu nimeshinda kumi na moja kwa tisa, ya nne kumi na moja kwa nane. Ya tano tulifika kumi na mbili kwa kumi na mbili, kisha nikapata moja. Pointi ya mwisho ilikuwa ko. Sikuukandamiza, nikaunyanyua, ukagusa ukingo wa meza upande wake. Jina langu limebandikwa kwenye mlango wa stoo. Ovaroli sirudishi. Nilikwenda bafuni nikalia kidogo, si sana.

Mama Stoo alikaa juu ya maboksi kupumzisha goti, akaniambia, "Ungesema tangu Januari ningebandika ya bluu. Siku hizi inaruhusiwa, ilimradi upande wa pili uwe mweusi. Sisi tulidhani una kiburi, unaambiwa tazama hutaki." Miezi mitatu mimi nawaona wananidhihaki, wao wananiona najidai.

Kisha akafungua kabati lake akanipa raba laini ya bluu, mpya, ndani ya pakiti yake. Naituma pamoja na raketi. Ibandike upande wowote unaopenda. Nilipoitoa kwenye pakiti niliiona ni bluu, bila kumuuliza mtu.

Ila ile nyekundu iliyokuwa nyeusi, mjomba, ilikuwa na kasi kweli. Najua. Usiseme.

Mpwa wako


9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na ile nyingine pia nimeihesabu.

Niliposoma ulivyosema mbele ya watu, nilifurahi. Kisha nikaona wivu, kama dakika kumi hivi, kwa sababu neno nililolibeba miaka thelathini na moja wewe umelitua kwa muda wa kubadilishana pande. Kisha nikafurahi tena. Nakuandikia yote matatu ili usidhani nilihisi moja tu.

Yule bwana harusi alikuja Jumanne kubadilisha soli. Sasa ana kitambi na miwani. Nikamwambia. Alikaa kwenye kigoda akacheka mpaka akafuta macho, halafu akasema mkewe mpaka leo anaamini siku ile alivaa viatu akiwa amelewa. Akaniomba nimwandikie cheti cha kumsafisha. Nimemwandikia na kutia sahihi.

Mama yako nimempigia simu, nikamweleza habari ya mkono. Akauliza ni nani atakayemrudishia wiki sita za vifungo. Habari ya uzi nayo nimemweleza. Hiyo atakujibu mwenyewe.

Klabuni sheria ya raba aina moja nimeifuta. Jumamosi nilifungwa na muuza dawa aliyebandika vipele juzi tu. Nimemwambia anibandulie ile nyekundu yake aweke bluu, na ameahidi.

Raketi yako imo ndani ya mzigo huu. Nilizibandua raba zake zote mbili ili nisafishe ubao, kwa hiyo mezani zilikuwa tatu: nyeusi, nyekundu, na ile ya bluu. Nikazipima. Bluu na nyeusi zimepishana nusu gramu, na nimekwisha kusema rangi haichezi. Mkaza mjomba wako alikuwa amesimama mlangoni, tayari. Bluu niliichukua mwenyewe, nikaibandika kiganjani. Zikabaki mbili, na upande wa pili sharti uwe mweusi. Wateja wawili walikuwa wamekaa wakisubiri viatu vyao. Nikainua kichwa nikauliza kwa sauti, "Mama watoto, nyeusi ni ipi?"

Akaniambia, nikabandika.

Mjomba wako, fundi viatu